Kutoka Karo hadi Kisima: Hotuba kuhusu Maji ya Ardhini katika Nchi ya Matumbawe

Assalaam alaykum. Waheshimiwa masheha, wazee wangu, walimu, mafundi wa visima na wa ujenzi, na vijana wote mliofika: nimeombwa nizungumze kuhusu maji yaliyo chini ya kisiwa chetu cha Unguja, namna yanavyotembea, namna yanavyochafuka, na namna yalivyoiumba ardhi tunayoikalia. Nitayazungumza mambo hayo matatu kama jambo moja, kwa sababu mashimo ambayo maji yameyachimba ndani ya jiwe kwa maelfu ya miaka ndiyo yanayoyapitisha maji leo, na humo humo ndimo unamopita uchafu wetu. Tangu mwanzo niseme wazi ninachotaka mkikubali au mkipinge: kanuni ya kupima nafasi kati ya choo na kisima kwa hatua au kwa mita haitoshi katika nchi ya mawe ya matumbawe. Inatupasa tupime muda, yaani maji yanachukua saa ngapi au miezi mingapi kutoka kwenye karo, yaani shimo la maji machafu ya choo, hadi kuingia kwenye ndoo.

Tuanze na mvua, kwani maji yote matamu tunayoyateka hapa asili yake ni mvua iliyonyesha juu ya kisiwa hiki. Unguja hupata wastani wa milimita 1,600 hivi kwa mwaka, nyingi zikiteremka wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na nyingine wakati wa vuli. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo eka moja ya shamba hupokea zaidi ya lita milioni 6 kila mwaka. Sehemu kubwa ya maji hayo hurudi angani kwa jua na kwa kupumua kwa miti na mazao, sehemu nyingine hutiririka, na inayobaki ndiyo inayozama na kuwa akiba yetu. Upande wa magharibi na kwenye mwinuko wa katikati, ambako udongo ni mzito na umechanganyika na mfinyanzi, kuna vijito na chemchemi tunazozijua kwa majina, na msitu wa Masingini umehifadhiwa kwa ajili hiyo. Ukielekea mashariki na kusini hali hubadilika kabisa. Unafika kwenye uwanda, ambako udongo ni wa kuokoteza kwenye nyufa za mawe, na huoni mto hata mmoja unaofika baharini, ingawa mvua inanyesha. Vijito vinavyoshuka kutoka mwinuko wa katikati kwenda upande huo vikifika kwenye jiwe hupotea ardhini.

Kwa nini vipotee? Jiwe la uwanda ni matumbawe yaliyokufa. Sehemu kubwa ya mawe ya matumbawe ya mwambao wa Afrika Mashariki ilijengwa takriban miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na viumbe wadogo wa baharini wakajenga miamba kwa chokaa kama wanavyojenga leo kule nje kwenye mwamba. Bahari iliposhuka, miamba ile ikabaki nchi kavu, na mvua ikaanza kazi yake. Maji ya mvua yakipita kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza hubeba hewa ya ukaa, ambayo ndani ya udongo huwa nyingi mara kadhaa kuliko ilivyo hewani, na kwa hiyo yanageuka kuwa tindikali hafifu. Tindikali hiyo haiunguzi mkono wala haina ladha, lakini inayeyusha chokaa. Ufa uliokuwa mwembamba unapanuka kidogo. Kwa kuwa umepanuka unapokea maji mengi zaidi kuliko nyufa jirani. Kwa kuwa unapokea mengi unayeyuka haraka zaidi. Na baada ya muda mrefu nyufa chache zimekuwa mifereji huku nyingine zikibaki nyembamba. Ndiyo maana fundi anaweza kuchimba mahali pakavu, akasogea hatua kumi tu, akapata maji mengi. Jiwe ni lile lile, ila njia za ndani hazikugawanywa sawa.

Ushahidi wa jiwe hilo lililoyeyuka tunao jikoni. Ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika ni chokaa iliyochukuliwa na maji kutoka kwenye mwamba, na ukiyachemsha, hewa ya ukaa inatoka na chokaa inarudi kuwa jiwe. Ukoko wenyewe hauna madhara kwa afya, na ninausema kwa sababu kila mwenye nyumba anaweza kuona kwa macho yake kwamba kisiwa kinaendelea kuyeyuka hadi leo.

Karibu na pwani kazi hiyo huenda kwa kasi zaidi, na sababu yake ni ya ajabu kidogo. Maji matamu yaliyokwisha kushiba chokaa, yakikutana na maji ya bahari ambayo nayo yameshiba, mchanganyiko wake unaweza kuwa na njaa upya ya kuyeyusha jiwe. Kwa hiyo mapango mengi ya pwani yamechimbwa pale maji matamu yanapokutana na ya chumvi. Pango la Mangapwani lina dimbwi la maji matamu ndani yake. Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, limewapa wanaakiolojia mifupa ya wanyama ambao leo hawapo kisiwani, pundamilia wakiwamo, mabaki ya wakati ambao Unguja ilikuwa imeungana na bara. Hapo napenda mtulie kidogo, maana mifupa ile inatueleza pia habari za maji. Takriban miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa mita 120 hivi. Maji ya ardhini nayo yalishuka kuifuata, yakachimba njia mpya chini zaidi, kisha bahari ilipopanda tena njia hizo zikazama. Kwa sababu hiyo hatuna haki ya kudhani kwamba mifereji inaishia pale pango linapoishia machoni petu. Mahali pengine paa la pango limeporomoka, likaacha shimo kubwa lenye miti mirefu katikati ya vichaka. Mahali pengine maji yamekaribia uso wa ardhi kiasi cha kulea msitu mzima, kama Jozani, ambao umestawi kwa sababu mizizi yake inafika kwenye maji na ambao masika ikiwa kubwa hufurika.

Sasa maji haya yamekaaje huko chini? Hayakukaa kwenye tangi wala kwenye ziwa la chini kwa chini. Kisiwa kizima kimelowa maji ya bahari kutoka chini na kutoka pembeni, kwa sababu jiwe limetoboka. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo yanaelea juu yake mfano wa dau lililopakia shehena: sehemu ndogo iko juu na sehemu kubwa imezama. Mhandisi wa Uholanzi, Badon Ghijben, alilieleza jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1880, na Mjerumani Herzberg akalieleza naye mwaka 1901 kwa kupima visiwa vya Bahari ya Kaskazini. Hesabu yao ni rahisi. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Tuseme basi kisima fulani cha uwandani kina maji yaliyosimama nusu mita juu ya bahari. Chini yake kuna mita 20 hivi za maji matamu. Ukivuta kwa pampu mpaka usawa ukashuka kwa robo mita na ukabaki hapo, utaona umepoteza kiasi cha urefu wa kiganja na vidole, lakini chumvi iliyo chini itapanda polepole kwa mita 10. Katika jiwe letu hali ni mbaya kuliko hesabu hiyo, kwa sababu kujaa na kupwa kwa bahari hulitikisa jiwe kila siku, na kati ya maji matamu na ya chumvi pana tabaka pana la maji ya chumvichumvi ambalo halifai kunywewa. Wanaoishi karibu na ufukwe wanajua kwamba kisima hupanda na kushuka kwa kufuata kujaa na kupwa. Bahari ikipwa, ukichimba mchanga mahali fulani fulani utapata maji yanayonyweka yakitoka kuelekea baharini. Maji hayo ndiyo akiba yetu ikimalizia safari yake.

Kutembea kwake kuna kanuni. Mwaka 1856 Henry Darcy, mhandisi aliyeushughulikia mfumo wa maji wa mji wa Dijon nchini Ufaransa, alichapisha majaribio ya kupitisha maji kwenye mitungi iliyojaa mchanga, akaonyesha kwamba kiasi kinachopita hutegemea tofauti ya kimo cha maji kati ya mwanzo na mwisho, hutegemea urefu wa njia, na hutegemea aina ya kitu kinachopitiwa. Katika mchanga wa kawaida, penye mteremko mdogo wa maji kama wa mita moja kwa kila kilomita, maji huenda sentimita chache kwa siku. Chukueni sentimita 4. Mita 30, ambazo hutajwa mara nyingi kuwa nafasi ya kutosha kati ya choo na kisima, zitachukua karibu siku 750, yaani zaidi ya miaka miwili, na bakteria wa tumbo hawawezi kuishi muda huo wote huko chini. Kanuni ya mita 30 si ya kipuuzi. Ina busara yake mahali penye mchanga au udongo. Nchini Ujerumani na Uingereza wamekwenda hatua moja mbele, wakalichora eneo la ulinzi wa kisima kwa kufuata muda wa siku 50 za safari ya maji, mradi maji yachelewe kiasi cha vijidudu vingi kufa njiani.

Lakini chokaa iliyotoboka haifuati mwendo wa mchanga. Kusini mwa Ujerumani, mto Danube hupoteza maji yake kwenye nyufa za chokaa karibu na Immendingen. Mwaka 1877 watu walitaka kujua maji yale yanakwenda wapi, wakamwaga ndani yake rangi iitwayo fluoreseini pamoja na chumvi na mafuta. Baada ya saa 60 hivi chemchemi ya Aach, iliyo umbali wa kilomita 12, ikatoka maji ya kijani yanayong'aa. Fanyeni hesabu: hizo ni mita 200 kwa saa. Kwa kasi hiyo mita 30 ni dakika 9. Sidai kwamba kila karo la Unguja liko juu ya mfereji wa namna ile, na mahali pengine jiwe letu limejaa mchanga na maji huenda taratibu. Ninachodai ni kwamba aliyechimba karo bila kujua ameangukia jiwe la aina gani hana njia ya kusema kama amemwachia jirani yake miaka miwili au dakika tisa.

Na makaro yetu yamejengwaje? Fundi hulichimba mpaka afikie jiwe, mara nyingi mpaka aone ufa, na akishauona hufurahi, kwa sababu karo lenye ufa halijai. Mwenye nyumba naye hujisifu kwamba hajaita gari la kunyonya maji machafu tangu ahamie. Wazee wangu na ndugu zangu, naomba mnisikilize hapa kuliko mahali pengine popote. Karo lisilojaa katika nchi ya matumbawe halina siri yoyote nzuri. Maji yake yanakwenda, na yanakwenda kule kule yanakokwenda maji ya mvua, kwenye maji yale yale tuliyoyasema kuwa yanaelea juu ya bahari na ambayo visima vyetu vyote vinayateka. Masika ikija, usawa wa maji unapanda, unafika chini ya makaro na mashimo ya vyoo, unayaosha, kisha unashuka na kila ulichokichukua. Hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya magonjwa ya kuharisha kuongezeka wakati wa mvua, ingawa mafuriko ya juu ya ardhi nayo yana mchango wake.

Mji huu una historia chungu katika jambo hili. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua watu wengi sana Zanzibar, na Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu hapa wakati ule, aliandika kwa kirefu habari zake. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, akaleta maji kwa mabomba kutoka chemchemi zilizo nje ya mji hadi mjini, na sifa hiyo anastahili hadi leo, maana maji safi ya bomba ni kinga kubwa kuliko dawa nyingi. Lakini kipindupindu kilirudi tena na tena, na mlipuko wa mwaka 2015 na 2016 wengi wenu mnaukumbuka. Maji ya bomba yakikatika, mtu hurudi kisimani, na kisima kimezungukwa na makaro mengi kuliko yaliyokuwapo zamani.

Kuchemsha maji huua vijidudu, na wanaochemsha waendelee. Kuna kitu kimoja ambacho kuchemsha hakukiondoi. Mkojo na kinyesi vina naitrojeni, ambayo ardhini, penye hewa, hugeuka kuwa nitreti. Nitreti haina rangi, haina harufu, haina ladha, na katika chokaa yenye hewa haipungui kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji, kwani nitreti nyingi huifanya damu yao ishindwe kubeba oksijeni ipasavyo. Ukichemsha maji yenye nitreti, maji yanapungua na nitreti inabaki, kwa hiyo unaizidisha. Nitreti ina faida moja tu kwetu: ikionekana kwa wingi katika kisima kisicho karibu na mbolea, ni ushahidi kwamba maji ya vyoo yamefika humo. Mafuta ya gari yanayomwagwa kwenye gereji, na maji ya betri, nitayapitia kwa neno moja tu: lita chache zikiingia kwenye ufa hukaa miaka. Na mashimo ya asili kule uwandani, yale ambayo vijiji vingi vimeyageuza kuwa jaa, ni milango ya maji. Taka iliyotupwa humo imetupwa kisimani.

Upande wa pili wa matatizo ni chumvi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu pwani ya mashariki ya Unguja ulikadiria kwamba mgeni mmoja hotelini alitumia wastani wa takriban lita 685 kwa siku, wakati mwanakijiji alitumia lita zisizofika 50, na sehemu kubwa ya maji ya hoteli ilikwenda kumwagilia bustani zilizopandwa kwenye mchanga. Sisemi hayo kwa chuki dhidi ya hoteli, kwa kuwa vijana wetu wengi wanafanya kazi humo. Nayasema kwa sababu maji hayo yalivutwa mahali ambapo akiba ni nyembamba kuliko kote kisiwani, na hesabu ya mita moja kwa arubaini haiangalii ni nani anayevuta. Kisima kilichokwisha kuingiwa na chumvi hupona, ila hupona kwa kungoja misimu mingi ya masika, na pampu ikiwa imezimwa. Wanaofikiri dawa ni kuchimba chini zaidi wanakosea, kwani katika uwanda kuchimba chini zaidi ni kuikaribia bahari. Inafaa zaidi kuwa na visima vingi vifupi, vilivyotawanyika na kuvutwa polepole, mbali na ufukwe, kuliko kimoja kirefu chenye pampu kubwa. Na bustani imwagiliwe kwa maji yaliyokwisha kutumika na kusafishwa.

Kuhusu makaro, ninayoyapendekeza yanawezekana kwa fundi wa kawaida. Karo la kupokea kinyesi lijengwe kwa matofali na kupigwa plasta mpaka chini, sakafu na kuta, lisivuje, na lihesabiwe kwamba litajaa na gari litaitwa. Maji yanayotoka humo yasipelekwe kwenye ufa. Yapitishwe kwenye mtaro mpana, wa juu juu, uliojazwa mchanga na udongo, yateremke taratibu, kwa sababu bakteria wengi hufia kwenye sentimita chache za kwanza za udongo, na katika nchi isiyo na udongo ni lazima tuulete. Fundi akikutana na ufa au uwazi wakati wa kuchimba, asimame, amwambie mwenye nyumba, na sheha aandike mahali penyewe. Kumbukumbu hizo zikikusanywa shehia kwa shehia, kwa mara ya kwanza tutakuwa na ramani ya nyufa iliyotoka kwa wanaozijua. Mamlaka ya Maji na vyuo vyetu vinaweza kisha kufanya pale ile kazi iliyofanywa Aach: kumwaga rangi isiyodhuru kwenye ufa, kuteka sampuli kwenye visima jirani kila saa, na kuandika saa ya kwanza rangi inapoonekana. Huo ndio muda niliosema mwanzoni kwamba tuupime, na jaribio moja la namna hiyo katika shehia moja litamsaidia mwenye kiwanja kuliko kanuni yoyote ya mita iliyoandikwa kwa ajili ya nchi ya mchanga.

Jambo la mwisho ninalowaomba mlifanye kabla masika haijaanza ni kipimo cha kamba. Kila shehia ichague visima vitano vya zamani, vile visivyokauka, na mwalimu au kijana mmoja apime kila wiki kutoka ukingo wa kisima hadi kwenye maji, saa ile ile ya maji kupwa, aonje, aandike kwenye daftari tarehe, kimo na kama maji yana chumvi. Gharama yake ni kamba, jiwe na daftari. Daftari la miaka mitatu litatuonyesha ni wapi usawa unashuka bila kurudi, na hapo tutakuwa na la kuwaambia wanaotoa vibali vya kuchimba. Masheha watakaokuwa tayari kuanza wabaki nasi baada ya kikao tugawane visima; na maswali ya mafundi wa makaro nitayapokea kwanza.